Risala ya Wasaidizi wa Utafiti wa Kosele kuhusu Kazi ya Usiku

Profesa, wasimamizi wa mradi, Chifu wetu, wazee wa Nyumba Kumi na wakulima mliotuazima mashamba,

Sisi ndio tunaokata majani. Mradi huu unachunguza saa iliyomo ndani ya mimea na bakteria: kwa nini jani la njugu hujikunja jioni na kufunguka alfajiri, na bakteria wa majini, wasio na jicho wala ubongo, wanajuaje kwamba kunakaribia kucha. Saa hiyo haisomeki kwa kuchungulia mara moja. Kwa hiyo kila duru tunachukua sampuli kila baada ya saa mbili, kwa saa 48 mfululizo: majani ya maharagwe na njugu, udongo wa mizizini, na maji ya bwawa yenye sianobakteria, jamaa za wale wanaotandaza utando wa kijani katika Ghuba ya Winam. Sampuli ya saa nane usiku ikikosekana, mchoro unabaki na pengo. Tunalijua hilo, na hatukuja kuulalamikia usiku. Usiku ndio kazi yenyewe.

Linalotuuma kwanza ni malipo. Anayeingia shambani saa kumi na mbili jioni akatoka saa mbili asubuhi huandikiwa siku moja, sawa na anayebandika lebo kwenye chupa ofisini tangu asubuhi hadi saa kumi. Tukiuliza, jibu ni kwamba sisi ni vibarua. Kibarua gani huyu anayeitwa msimu baada ya msimu, na hata nywila ya kompyuta ya data anayo? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo zimejumlika kufikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Sheria hiyohiyo inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sisi mapumziko yetu ni pale mvua inapoharibu duru.

Pili ni usalama. Tochi za kawaida tumekatazwa, kwa sababu mwanga mweupe wa dakika chache waweza kuisogeza saa ya mmea, na badala yake tumepewa taa hafifu za kijani. Sababu hiyo hatuipingi. Ila chini ya taa hiyo nyoka na mzizi wa mwembe havitofautiani, nasi tunaingia shambani kwa ndala. Kuna na hili ambalo wageni hulicheka: hapa Uluoni, mtu anayenyemelea shamba la mwenzake saa nane usiku akiwa na taa ya kijani ana jina moja tu, jajuok, mkimbiaji wa usiku. Tumeshafukuzwa kwa mbwa na mawe tukiwa tumekumbatia chupa za sampuli. Kitambulisho cha mradi hakisomeki gizani.

La hatari zaidi haliwachekeshi hata wageni. Nitrojeni kimiminika ya kugandishia majani, inayochemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, huwekwa katika chumba kilekile tunachojinyooshea kati ya sampuli mbili, madirisha yakiwa yamefungwa kuzuia mbu. Inapogeuka gesi hupanuka karibu mara mia saba na kuisukuma oksijeni nje. Haina rangi wala harufu, na mtu anaweza kuzirai kabla hajahisi lolote. Glavu zipo jozi moja, tunapokezana.

Tatu ni usingizi. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha, kupitia inzi wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa ya mwili. Mnawataja katika kila mafunzo. Miaka kumi kabla ya hapo, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya zamu ya usiku kati ya mambo ambayo huenda yanaleta saratani kwa binadamu. Ratiba yenu inaijua saa ya maharagwe hadi dakika, lakini aliyekesha Jumatatu na Jumanne imempanga kupima udongo Jumatano asubuhi.

Kwa hayo, tunadai mikataba ya maandishi, na usiku mmoja uhesabiwe siku mbili za malipo. Tunadai siku nzima ya kulala baada ya kila duru, ikiwa na malipo. Mtungi wa nitrojeni uhamishiwe kwenye banda lililo wazi, kila mtu apate glavu na gambuti zake, na bima ya majeraha kazini ilipwe kama sheria inavyoagiza. Chifu aitishe baraza kabla ya kila duru, wakulima waelezwe ni nani atakuwa shambani na saa ngapi. Na majina yetu yaandikwe katika makala mnazochapisha. “Wasaidizi wa nyanjani” si jina la mtu.

Majibu tunayaomba kwa maandishi, yenye sahihi, kabla ya duru ijayo. Tusipoyapata, sampuli za mchana tutazichukua kama kawaida. Za kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri hatutazichukua.