Rangi Juu ya Ufa



Anayepita katika mitaa ya Bukavu, Goma au Lubumbashi hukuta kuta zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Maandishi hayo yanahuzunisha: mwenye nyumba analazimika kuutangazia mji mzima kuwa mali yake si ya kuuzwa, kwa sababu wapo watu wanaouza kisicho chao. Wizi wa namna hiyo tunaujua na tunaulaani. Upo mwingine ambao hatuulaani, na hata tunauita ufundi wa biashara, yaani kuuza kilicho chako huku umeficha ubovu wake. Vyombo vyake ni ndoo ya rangi na brashi.

Rangi yenyewe haina kosa. Anayetaka kuuza nyumba akafagia ua, akabadilisha kioo kilichovunjika na kupaka kuta rangi mpya, anafanya kama mama anayepanga nyanya zake sokoni, zile nyekundu zikitazama njia. Hakuna anayedanganywa, mradi zilizo chini si mbovu. Wala simlaumu anayetafuta bei nzuri. Wengi huuza kwa sababu ya ugonjwa, masomo ya watoto, au vita iliyowanyang'anya kazi. Swali langu ni dogo zaidi: chini ya rangi hiyo kuna nini?

Kwetu Bukavu swali hilo ni zito. Mji umeketi juu ya vilima vya udongo wa mfinyanzi vinavyoshuka kuelekea ziwa Kivu, na mahali pengi udongo huo unatembea. Huko Funu, katika komini ya Kadutu, mteremko umekuwa ukisogea polepole kwa miaka mingi, na nyumba zilizo juu yake zinasogea nao. Mara nyingi nyumba husema kabla ya kuanguka. Husema kwa ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, kwa mlango unaokwaruza sakafu, kwa ngazi iliyoachana na msingi. Anayejaza ufa huo kwa karatasi za mifuko ya simenti, akapitisha simenti nyembamba juu yake na kuupaka rangi, hakuipamba nyumba. Ameifunga mdomo.

Ninaijua nyumba moja ya namna hiyo. Mwenyewe aliwaita vijana wanne wa parokia, waliokuwa wakitafuta fedha za safari ya hija. Aliwapa rangi, simenti kidogo na agizo: ufa wa chumba cha nyuma uzibwe usionekane, kisha kabati lirudishwe mbele yake. Kazi ilichukua siku tatu, na malipo yakatolewa siku ileile ya mwisho, jambo ambalo kwetu si la kawaida na lingepaswa kuwashtua. Mnunuzi alikuwa mwalimu aliyeweka akiba kwa miaka mingi, likelemba baada ya likelemba. Alikuja mwezi wa Julai, jua likiwaka, pamoja na komisioneri aliyesifu kila kitu. Akaona ukuta mweupe, akalipa. Mvua za Oktoba ziliufungua ufa mahali palepale. Kufikia Desemba mkono wa mtoto uliweza kupita ndani yake, na kila mvua iliponyesha usiku familia nzima ililala sebuleni, karibu na mlango, wakiwa wamevaa viatu.

Katika sura ya 13 ya kitabu chake, nabii Ezekieli anawasema manabii wa uongo kwa mfano unaotufaa kabisa. Watu wanajenga ukuta dhaifu, nao manabii wanaupaka chokaa. Kisha inakuja mvua kubwa, mawe ya barafu na upepo, ukuta unaanguka, na watu wanauliza iko wapi ile chokaa. Nabii hakuikasirikia chokaa. Alikasirika kwa kuwa watu walihakikishiwa amani mahali ambapo hapakuwa na amani. Yule mwalimu alinunua usingizi wa watoto wake, na usingizi huo haukuwamo ndani ya nyumba aliyouziwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13, aliliandikia jambo hili katika kitabu chake kikuu cha Teolojia, na miongoni mwa mifano yake imo nyumba inayotaka kuanguka ikiuzwa kama nyumba imara. Anafundisha kwamba kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji ana wajibu wa kuisema. Asipoisema, uuzaji wake ni wa hila. Hata asiyeijua kasoro wakati wa kuuza anapaswa kumfidia mnunuzi atakapoijua. Lakini mtakatifu huyu alijua masoko. Hamdai muuzaji apige mbiu mjini kwamba nyumba yake ina ufa, maana wanunuzi wote wangekimbia kabla ya kuona mema mengine yaliyomo. Anadai amwambie yule mmoja aliyekuja kununua. Naona hapo hekima kubwa: ukweli haumlazimishi mtu kujiharibia biashara, unamlazimisha kutazamana na mwenzake uso kwa uso.

Sheria ya nchi yetu haiko mbali na fundisho hilo. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Ila kwenda mahakamani kunahitaji fedha, na mwalimu wetu alikwisha kuzimaliza.

Nimesikia jibu kwamba mnunuzi ana macho, angetazama vizuri. Ni kweli kwa kasoro inayoonekana: mabati yenye kutu, choo kilichojaa, barabara isiyopitika. Hayo kila mtu huyaona na kuyapunguzia bei. Lakini huwezi kumlaumu mtu kwa kutoona kile ulichotumia siku tatu kumzuia asikione.

Nawageukia ninyi sasa, kwa sababu mara nyingi ni mikono yenu inayoshika brashi. Mwenye nyumba hapaki mwenyewe. Huwatafuta vijana wa kwaya, Wasaveri, Skauti, kwa kuwa ni waaminifu na bei yao ni nafuu. Mtasema ninyi ni wafanyakazi tu, na kwamba mkikataa wengine watapaka kabla ya jua kutua. Huenda ni hivyo. Hata hivyo, amri ya saba haimhusu mwenye mali peke yake, na aliyeshika ngazi wakati mwenzake anapanda dirishani hawezi kusema hakuingia ndani. Kazi si lazima ikataliwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kuziba, hawakusema kupaka. Kijana anaweza kumwambia mwenye nyumba kwa heshima: baba, tuchimbe kwanza mfereji wa maji nyuma, tumwite mwashi autazame msingi, kisha tutapaka; na kama hakuna fedha za mwashi, tuache ufa uonekane na bei ishuke. Wapo watakaofukuzwa kwa maneno hayo. Kikundi kinachokwenda hija kwa miguu kwa sababu kilikosa nauli hakijapoteza hija yake.

Mmoja wa wale wanne alinijia baada ya Noeli. Aliimba misa nzima akiwa mstari mmoja na binti wa yule mwalimu, akashindwa kumtazama. Aliniuliza kama anapaswa kurudisha sehemu yake ya malipo, na amrudishie nani. Nilimkumbusha habari za Zakayo, lakini sikumtajia kiasi, maana sehemu yake ilikuwa ndogo na ilikwisha. Nilimwambia aende nyumbani kwa mwalimu kabla ya mvua kubwa za Machi, aombe kabati lisogezwe, amwonyeshe ufa unaanzia wapi chini sakafuni na walijaza nini ndani yake, kwa sababu mwashi atakayeitwa atahitaji kujua. Alikwenda Jumamosi iliyofuata, pamoja na mwenzake mmoja na jembe.