Sauti Nayo ni Mali, Itiwe Daftarini

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumzwa maduka, mikopo na hesabu za vyama vya ushirika. Hata hivyo, ipo mali nyingine ambayo hupotea upesi kuliko fedha, nayo ni sauti ya mwanadamu. Mshairi akifa, diwani yake husalia. Mchongaji akifa, kinyago chake husalia. Lakini mwimbaji akishafumba kinywa, kazi yake imekwisha papo hapo, isipokuwa pawepo mtu wa kuinasa. Ndiyo maana nimeona heri leo niwaalike walimu na wanafunzi tuyatazame yaliyotukia katika nchi ya mbali, Australia, ambako kampuni ndogo ya kurekodi muziki ilijitwika jukumu la kuwa daftari la sauti za wenyeji wake, na ambako swali la nani aligharimie daftari hilo lilizua mabishano makali.

Kampuni hiyo ni Melba Recordings, iliyoanzishwa na Bi. Maria Vandamme mjini Melbourne mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shabaha zake zilikuwa mbili: kuwarekodi waimbaji na wapigaji ala wa Australia kwa ubora usiopungua ule wa Ulaya, na kuzifufua kazi za muziki zilizokuwa zimesahauliwa, hasa opera. Kwa manufaa ya mwanafunzi ambaye hajakutana na neno hili, opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, waimbaji wakisindikizwa na okestra. Ni sanaa ghali. Huhitaji waimbaji waliofunzwa kwa miaka mingi, kwaya, na wapigaji ala ambao mara nyingi hufika makumi kadhaa.

Jina la kampuni hiyo lina historia yake. Helen Porter Mitchell alizaliwa Richmond, mtaa wa Melbourne, mwaka 1861. Alipokwenda Ulaya kusomea uimbaji alijibandika jina la Nellie Melba kwa kuuenzi mji wake wa kuzaliwa, na kuanzia mwaka 1887, alipoimba Brussels, sifa zake zilienea kote. Hadi leo sura yake imo kwenye noti ya dola 100 ya Australia. Lakini sauti yake ilinaswa wapi? Ilinaswa London, kuanzia mwaka 1904, na kampuni ya Gramophone ya Uingereza. Vivyo hivyo, mwimbaji mwingine mashuhuri wa nchi hiyo, Joan Sutherland, aliyefariki mwaka 2010, alirekodiwa na kampuni ya Decca, ya London pia. Sifa walizipata, nao walizistahili. Hata hivyo, uamuzi wa nani arekodiwe na aimbe nini ulibaki mikononi mwa wafanyabiashara wa ng'ambo. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Waaustralia hao walilazimika kucheza ugenini ndipo watunzwe.

Sasa tutazame mfano mmoja wa kazi ya Melba Recordings. Mtunzi Mfaransa Camille Saint-Saëns, aliyeizuru Afrika Kaskazini mara nyingi na kufia mjini Algiers mwaka 1921, anajulikana zaidi kwa opera yake ya Samson et Dalila, yaani kile kisa cha Samsoni na Delila kilichomo katika Biblia. Alitunga opera nyingine nyingi ambazo zilizama. Mojawapo ni Hélène, opera fupi ya tendo moja ambayo hata maneno yake aliyaandika mwenyewe. Inasimulia jinsi Helena, mke wa mfalme wa Sparta, anavyojaribu kulikimbia penzi la Paris, mwana wa mfalme wa Troya, na jinsi anavyoshindwa ingawa ameonywa kuwa mji huo utateketea kwa sababu yake. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, mjini Monte Carlo mwaka 1904, aliyeimba nafasi ya Helena hakuwa mwingine ila Nellie Melba.

Baada ya hapo opera hiyo ilififia. Kwa zaidi ya miaka 100 haikupatikana kwenye santuri kwa ukamilifu wake. Ni mwaka 2008 tu ndipo Melba Recordings ilipoitoa, ikichezwa na Orchestra Victoria ya Melbourne chini ya uongozi wa Mfaransa Guillaume Tourniaire, Rosamund Illing akiwa Helena na Mwaustralia Steve Davislim akiwa Paris. Tafakari jambo hilo, msomaji. Kazi ya Mfaransa, iliyotungwa kutokana na kisa cha Wayunani, iliokolewa na watu wa mji alikozaliwa mwanamke aliyeiimba kwanza. Ufaransa, nchi tajiri yenye majumba mashuhuri ya opera, haikuwa imefanya hivyo.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2004, mjini Adelaide, State Opera of South Australia iliionyesha Der Ring des Nibelungen ya Mjerumani Richard Wagner, mfululizo wa opera nne ambao kuusikiliza wote huchukua kiasi cha saa 15. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Waaustralia kuuandaa mfululizo huo wao wenyewe badala ya kuazima maandalizi ya Ulaya. Melba Recordings iliurekodi wote ukumbini, mbele ya hadhira. Miongoni mwa walionaswa alikuwamo Stuart Skelton, ambaye mwaka 2016 alikuja kuimba nafasi ya Tristan katika jumba la Metropolitan Opera, New York. Alikuwamo pia Deborah Riedel, aliyeaga dunia mwaka 2009, chini ya miaka mitano tangu maonyesho yale. Lau vyombo vya kurekodia havingalikuwapo ukumbini, Sieglinde wa Riedel angalibaki katika kumbukumbu za waliohudhuria pekee, nazo kumbukumbu hizo zingalizikwa pamoja nao.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha mjadala. Wapo watakaosema kuwa kama kazi hizi ni njema zingejilipia zenyewe, kwani chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hiyo, lakini haifai kila mahali. Opera isiyosikika haiwezi kujiuza, maana mnunuzi hawezi kukitamani asichojua kuwa kipo. Anayetaka kuirekodi hana budi kuwalipa wapigaji ala, wanakwaya, waimbaji na mafundi wa sauti kabla hajauza hata diski moja, naye anajua kuwa wanunuzi wake duniani kote ni wachache. Mfanyabiashara mwenye akili timamu atarekodi Samson et Dalila kwa mara nyingine, na Hélène ataiacha ilale. Simlaumu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Ninachosema ni kwamba biashara haiwezi kuachiwa peke yake kuamua kipi kikumbukwe na kipi kisahauliwe.

Serikali ya Australia iliona hivyo. Mwaka 2004 iliahidi kuipa taasisi inayoisimamia kampuni hiyo dola milioni 5 za nchi hiyo kwa muda wa miaka mitano. Hapo moto ukawaka. Nchi hiyo ina baraza huru la sanaa, lililoitwa Australia Council na ambalo tangu mwaka 2023 linaitwa Creative Australia. Kwa desturi, maombi ya wasanii huletwa barazani humo, yakapimwa na wasanii na wataalamu wenzao. Fedha za Melba hazikupitia mlango huo, bali zilitoka serikalini moja kwa moja. Wasanii wengine wakauliza: je, sisi tulipimwa kwa mizani gani, na huyu kwa mizani gani?

Swali hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu Melba haikuwa peke yake uwanjani. Kampuni ya Move ilikuwapo Melbourne tangu mwaka 1968. Tall Poppies, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilikuwa imerekodi kazi nyingi za watunzi Waaustralia walio hai. Nazo zilikuwa kampuni ndogo, nazo zilikuwa zikiweka daftari. Mabishano yalifufuka katika miaka ya 2010, Waziri wa Sanaa George Brandis alipoidhinisha dola 275,000 kwa Melba Recordings. Katika bajeti ya mwaka 2015 waziri huyo huyo alilinyang'anya baraza la sanaa takriban dola milioni 105 za miaka minne ili zigawanywe na wizara yake. Wasanii walilalamika nchi nzima. Waziri alibadilishwa mwaka uo huo, na kufikia mwaka 2017 mpango wake ulikuwa umevunjwa. Katika malumbano hayo jina la Melba Recordings lilitajwa mara nyingi, si kwa sababu ya muziki wake, bali kama mfano wa upendeleo.

Je, nani alikuwa na haki? Mimi nasema kuwa pande zote mbili zilishika ncha moja ya ukweli. Waliotaka Melba isaidiwe walikuwa na haki, kwa maana fedha za umma zinazojenga maktaba na makavazi zinaweza pia kuhifadhi sauti. Hatumuulizi mkutubi ni faida gani ameipata mwezi huu kutokana na kitabu cha kale, na hatupaswi kumuuliza hivyo mwenye kuokoa opera iliyosahauliwa. Waliopinga njia iliyotumika nao walikuwa na haki. Fedha za umma hupaswa kutolewa kwa mlango ulio wazi, kwa masharti yanayojulikana na kila mwombaji, na kwa uamuzi wa watu wanaoielewa kazi inayopimwa. Zikitolewa kwa mlango wa nyuma, hata zikianguka katika mikono mizuri, huacha doa. Naamini Melba ingaliweza kusimama mbele ya wataalamu wowote na Hélène yake mkononi. Kunyimwa fursa hiyo ya kupimwa hadharani hakukuwa hisani kwake, kwa kuwa tangu hapo kila aliyeisikia alijiuliza kwanza habari za fedha kabla ya kuuliza habari za muziki.

Wapo watakaoniuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Kampuni ile ile ya Gramophone iliyomnasa Melba London mwaka 1904 ndiyo ambayo, kwa nembo yake ya His Master's Voice, ilimrekodi Siti binti Saad wa Unguja alipopelekwa Bombay pamoja na wenzake mwaka 1928. Wanafunzi wengi wanamjua Siti kutokana na wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Santuri zake ziliuzwa katika pwani yetu, na ni kwa ajili ya santuri hizo kwamba leo tunaweza kumsikia badala ya kumsoma tu. Lakini kampuni ile haikuja kututunzia urithi. Ilikuja kuuza santuri na vinanda vya kuzipigia, na ilipoona faida ilirekodi. Siti alibahatika kwa kuwa aliuzika. Je, ni malenga wangapi na manju wangapi wa zama zake ambao hawakuonekana kuuzika, na ambao leo hatuna hata mstari mmoja wa sauti zao?

Tusiseme kuwa hayo ni ya kale. Kila mwaka shule zetu hushindana katika tamasha la kitaifa la muziki. Walimu hukesha wakipanga sauti, na wanafunzi huimba nyimbo walizofunzwa na wazee wa vijijini mwao, nyingine katika lugha ambazo wasemaji wake wanazidi kupungua. Vikombe hutolewa, makofi hupigwa, mabasi hurudi nyumbani. Ni ngapi kati ya nyimbo hizo zinazoweza kusikilizwa tena baada ya miaka kumi, huku jina la aliyezifunza likijulikana na maneno yake yakiwa yameandikwa?

Gharama za kunasa sauti zimeshuka. Simu ya mkononi hunasa wimbo kwa dakika chache. Lakini kunasa si kuhifadhi. Daftari ni pamoja na maelezo: nani aliimba, lini, wapi, kwa lugha gani, kwa shughuli gani, na maneno yana maana gani. Sauti isiyo na maelezo hayo ni kama barua isiyo na jina la mwandishi wala la mwandikiwa. Hilo si jambo linalohitaji dola milioni 5. Linahitaji mwalimu mwenye nia, wanafunzi wenye subira, na shule iliyo tayari kuitengea kazi hiyo kabati moja katika maktaba. Yale makubwa zaidi, yanayohitaji studio na malipo kwa wasanii, ni haki yetu kuyadai kwa serikali za kaunti na ya kitaifa, mradi tudai pamoja nayo ule mlango ulio wazi ambao Waaustralia waliuona thamani yake pale ulipopuuzwa.

Nawasihi basi walimu wa muziki na wa lugha wasingojee mgeni aje na vyombo vyake kutuchagulia cha kukumbuka. Muhula huu, kila shule ichague mzee mmoja anayejua wimbo usiojulikana na vijana, imwendee kwa adabu, imwombe idhini, imrekodi na kuandika. Mzee huyo hatangoja hadi bajeti ipitishwe.