Msikisubiri Kiwanda

Kwenye studio za picha za Njombe na Makambako, hasa kwa vijana walioanza kutoa kamera za baba zao kabatini, imezoeleka kusemwa kwamba picha za mkanda zilikufa kwa sababu viwanda vilifungwa huko Marekani na Ujapani, na kwamba siku wenye viwanda wakiamua, zitarudi. Fomula zipo, husemwa. Kinachokosekana ni nia. Anayebisha hutajiwa Ektachrome, filamu iliyozikwa ikafufuka, na ubishi unaishia hapo.

Haupaswi kuishia hapo. Hoja hiyo ni mbovu, na madhara yake ni makubwa kuliko ubishi wa kijiweni, kwa sababu inawafanya watu wangoje kitu kilicho mbali huku kilicho mikononi mwao kikiharibika.

Ektachrome yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza dhidi ya imani hiyo. Kodak ilitangaza kuiacha mwaka 2012, ikaahidi Januari 2017 kuirudisha, ikaiingiza sokoni Septemba 2018. Kati ya ahadi na duka ulipita zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kwa kampuni ileile, katika mji uleule wa Rochester, Marekani, yenye kumbukumbu zote za filamu hiyo. Kilichowachelewesha ni kwamba baadhi ya malighafi hazikuwa zikitengenezwa tena na mtu yeyote. Filamu ya rangi ina tabaka zaidi ya kumi zilizopakwa gizani juu ya plastiki, na zote kwa pamoja hazifikii unene wa unywele. Ukibadilisha kemikali moja kwenye tabaka la chini, la juu yake linaweza kutoa rangi isiyotakiwa, na kazi inaanza upya. Anayejua kupika makande hana makande kama mahindi hayalimwi tena.

Tena Ektachrome haikurudi kwenye kiwanda kilichofungwa. Mitambo ya Rochester ilikuwa inazunguka kwa ajili ya filamu za sinema. Kodak ilikimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi Januari 2012, na miaka miwili baadaye hata mitambo hiyo ilikuwa hatarini. Ikaokolewa na waongozaji wa filamu kama Quentin Tarantino na Christopher Nolan, waliozibana studio za Hollywood hadi zikakubali kununua kiasi maalumu cha filamu kila mwaka. Bila oda hizo pasingekuwa na mtambo wa kupakia Ektachrome. Na dawa za kuisafishia, zile za mfumo wa E-6, hazikuwahi kupotea, kwa kuwa Fujifilm iliendelea kuuza Velvia na Provia, filamu zake za slaidi kama Ektachrome, zinazosafishwa kwa dawa hizohizo. Kwa maneno mengine, filamu ilikufa lakini kila kilichoizunguka kilikuwa hai.

Sasa ichukuliwe Kodachrome, ambayo ndiyo wengi wanaililia. Iliingia sokoni mwaka 1935, kazi ya wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Filamu nyingine za rangi hubeba ndani yake kemikali zinazozaa rangi; Kodachrome haikuzibeba. Ilikuwa kama filamu tatu za nyeusi na nyeupe zilizolaliana, na rangi zote zilitiwa wakati wa kusafisha. Mkanda ulisafishwa kwanza kama wa nyeusi na nyeupe, ukamulikwa taa nyekundu kutokea upande wa chini, ukatiwa dawa ya samawati; ukamulikwa taa ya buluu kutokea juu, ukatiwa dawa ya njano; kisha ukaingia kwenye dawa ya tatu ya rangi ya damu ya mzee. Kila dawa ilihitaji kupimwa na mkemia. Kodak ilitangaza kuiacha Juni 2009, na maabara ya mwisho duniani kuisafisha, Dwayne's Photo ya mji mdogo wa Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda 30 Desemba 2010. Hata kama Rochester ingepaka mkanda mpya wa Kodachrome kesho asubuhi, hakuna mahali pa kuupeleka ukarudi na rangi zake.

Na wako waliojaribu kweli kufufua. Polaroid ilipotangaza mwaka 2008 kuacha filamu zake za papo kwa papo, kundi la wapenzi wa kazi hiyo liliokoa mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi. Walikuwa na mitambo na walikuwa na mafundi waliofanya kazi humohumo. Kemikali hawakuwa nazo. Walilazimika kubuni filamu nyingine kabisa, na picha za miaka yao ya mwanzo zilifubaa, zikaungua kwa mwanga zikiwa zinatoka kwenye kamera. Nchini Italia, Film Ferrania ilichangiwa na watu zaidi ya dola 300,000 mwaka 2014 kwa ahadi ya slaidi ya rangi. Walichokitoa kwanza, mwaka 2017, ni P30, filamu ya nyeusi na nyeupe. Miaka kumi baada ya michango, slaidi ile ilikuwa bado haijawafikia waliochanga. Waingereza wa Harman, watengenezaji wa Ilford, walikuwa wakweli zaidi. Desemba 2023 walitoa Phoenix 200, filamu yao ya kwanza ya rangi, wakaieleza waziwazi kuwa ya majaribio: chembe nyingi, vivuli vikali. Hawakudai kufufua chochote.

Haya yote, hata hivyo, yanaihusu Makambako kwa mbali sana. Kodachrome haikuwa filamu ya Makambako. Harusi, vipaimara na mahafali ya Nyanda za Juu Kusini yalipigwa kwa negativu za rangi, zile nyembamba zenye ngozi ya chungwa: Kodak Gold, Fuji, Konica. Konica ilitangaza mwaka 2006 kuondoka kwenye biashara hiyo. Lakini Kodak Gold 200 haijawahi kuondoka. Inatengenezwa mpaka leo, na mfumo wake wa kusafishia, C-41, uliopo tangu mwaka 1972, ndio unaotumika duniani kote kwa filamu za rangi. Wala usafiri si tatizo: reli ya TAZARA inapita Makambako, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita, na hapohapo inachepuka ile ya Njombe na Songea. Mkanda unaweza kushushwa stendi na basi la jioni.

Kilichokufa ni mashine ya kusafishia. Na haikuuawa na kiwanda chochote cha ng'ambo.

Mashine ya kusafishia picha za rangi inaishi kwa wingi wa mikanda. Kila mkanda unapopita, huongezwa dawa mpya kidogo kufidia iliyotumika. Mikanda ikiwa mingi, dawa tankini inabaki changa. Ikipungua, dawa inakaa, inapigwa na hewa, inageuka rangi ya chai, na picha zinatoka na nyuso za kijani au vivuli vya zambarau. Fundi anamwaga lita nyingi za dawa aliyoinunua kwa fedha, anatia nyingine, anasubiri mikanda ambayo haiji. Kamera za dijitali zilipofika, kisha simu zenye kamera, hakukuwa na haja ya mtu kuwaza kufunga kitu. Hesabu ilikataa yenyewe. Miji midogo iliyokuwa ikikusanya mikanda na kuituma kwenye mji mkubwa wenye mashine ikakatika kwanza, kwa sababu ilitegemea hesabu za wengine.

Kwa hiyo anayesema Kodak ikitaka filamu zitarudi, anamlaumu mtu asiyehusika. Filamu ipo. Wateja wa kila siku ndio hawapo, na hakuna kampuni ya Rochester inayoweza kuwaleta.

Cha kutia moyo ni kwamba yule kijana mwenye kamera ya baba yake hahitaji mashine kubwa. Mkanda wa C-41 unasafishika kwenye tanki dogo la mkono. Dawa ya kwanza inatakiwa iwe nyuzi 37.8, kwa dakika 3 na sekunde 15, na hapo ndipo Njombe inapomjaribu mtu: mwezi Juni na Julai, mji ukiwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi ikishuka hadi jalidi, chupa ya dawa iliyoachwa mezani inapoa wakati mtu anatafuta saa. Beseni la maji moto, kipimajoto cha kuaminika na dawa kidogo inayotosha mikanda iliyopo vinamaliza kazi. Negativu ikikauka, inawekwa juu ya mwanga mweupe, inapigwa kwa kamera ya dijitali, na programu inageuza rangi. Wanaopenda filamu Makambako wakichangiana dawa na kusafisha kwa pamoja siku moja, dawa haiozi.

Lakini kuna kazi ya haraka zaidi ya hiyo. Mkoa wa Njombe ulizaliwa rasmi mwaka 2012, mwaka uleule Kodak ilipofilisika. Maisha ya watu wake kabla ya hapo, walipokuwa bado chini ya Iringa, yamebaki kwa sehemu kubwa kwenye negativu zilizo katika maboksi ya studio na masanduku ya familia. Rangi za negativu hufifia hata zikiwa gizani, na haraka zaidi penye joto. Baridi ya Njombe inazisaidia, ukungu na unyevu wake unaziua: kuvu inatambaa juu ya picha, na bahasha za plastiki zinagandana nazo. Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 inaonesha thamani ya studio isiyotupa negativu zake, na hizo za kwake nyingi ni za nyeusi na nyeupe, zinazostahimili miaka. Za rangi hazina muda huo.

Halmashauri, parokia na sharika zina ofisi kavu na kompyuta. Wenye studio wana maboksi, na baadhi yao wanazeeka. Negativu zihamishiwe kwenye bahasha za karatasi, ziwekwe juu ya rafu mbali na sakafu na ukuta unaovuja, zipigwe moja baada ya nyingine, na mwenye studio aulizwe sasa ni harusi ya nani, kijiji gani, mwaka gani, kwa sababu ukingoni mwa negativu imeandikwa aina ya filamu na namba ya picha tu.