Chora Kabla ya Kubomoa

Tulipotaka kupanua jiko letu, fundi alifika na nyundo mkononi. Tulimwomba asubiri. Tulipima kila ukuta kwa futi kamba, tukachora nyumba kwa programu ya kompyuta iitwayo Sweet Home 3D. Hupatikana bure, na ikishawekwa hufanya kazi hata bila intaneti. Tulipopanga meza na kabati, loo! Mlango wa friji ungegonga meza. Tulisahihisha bila kupoteza tofali hata moja.

Basi msikimbilie programu za kulipia kabla ya kujaribu hii. Lakini kumbukeni: programu haijui ukuta upi umebeba paa. Hilo mwulizeni fundi mwenye ujuzi.