Ramani isiyoijua Birere

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji wetu wa Goma zihamwe. Zikatajwa: Majengo, Mabanga zote mbili, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe, Les Volcans. Birere haikutajwa. Haina maana kwamba Birere ilikuwa salama. Birere si kartiye ya serikali. Ni jina la watu, nalo linapita juu ya mipaka ya kartiye rasmi. Anayesema kila siku «ninakaa Birere» ilimbidi afanye tafsiri kichwani, mtoto mgongoni na godoro kichwani.

Ninalisema hili kama mwanafunzi wa isimu, lakini nimejifunzia juu ya baiskeli. Kabla vita havijafika Sake, vijana kadhaa tulishindana Jumapili asubuhi kwenye barabara ya huko, ziwa likiwa kushoto. Kombe hakuna, jezi hakuna. Anayefika wa mwisho ananunua ndizi. Mwenye baiskeli isiyo na gia anatangulia dakika tano, na ubishi juu ya dakika hizo ni mtamu kuliko mbio zenyewe. Lakini huwezi kushindana bila majina ya mahali. Ukimwambia mwenzako «kuna shimo mbele» hujamsaidia. Mwambie ni wapi. Kuna kilima tulikiita Mtihani, kwa kuwa kila mtu huapa kwamba amejiandaa. Baada ya miezi michache tuliwasikia hata wasukuma chukudu wa njia ile wakisema Mtihani. Jina likifanya kazi, watu hulichukua bila kuuliza limetoka wapi.

Ramani ya simu ni nzuri. Ile ya OpenStreetMap unaipakua mapema, unaitumia bila intaneti, na mahali pamoja panaweza kuandikiwa majina zaidi ya moja. Ila tafuta mzunguko wenye sanamu ya chukudu: huyu ameandika Chukudu, yule Tshukudu, mwingine Tchukudu. Herufi moja ikikosana, huenda usione kitu. Tena mwaka ule wa 2021 lava ilikata barabara ya Rutshuru, na umeme ukapotea katika sehemu kubwa ya mji. Betri ikiisha, inabaki karatasi. Basi ichapishwe, ibandikwe kanisani, sokoni na shuleni, ikionyesha njia zaidi ya moja ya kutoka, na chini ya jina la kartiye liandikwe jina ambalo mama muuza sambaza analijua.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba majina ya mtaani hayadumu. Yapo yanayokufa, kweli. Mtihani wetu huenda umekwisha kusahauliwa. Lakini Birere ni kubwa kuliko mimi kwa umri, na hakuna amri iliyoizaa.

Kila mwaka kitivo chetu kinapokea kazi za mwisho juu ya ngeli na viambishi. Ninazipenda, hata yangu ni ya viambishi. Ninaomba walau moja iwe orodha ya majina ya mji huu: nani hulisema, linaanzia wapi, linaishia wapi, liandikweje. Baiskeli za kuzungukia tunazo.