Giza Lenye Manufaa: Mto Neckar katika Rangi za Maji

Katika Jumba la Taifa la Sanaa la Uskoti, mjini Edinburgh, imo picha ya mji wa Heidelberg, Ujerumani, iliyochorwa kwa rangi za maji na Joseph Mallord William Turner mnamo mwaka 1846 hivi. Humo unaonekana mto Neckar na daraja lake la mawe, ngome iliyobomoka juu ya mlima, na watu waliokusanyika ukingoni. Vyote vimezama katika mwanga wa ukungu, hata mtazamaji hawezi kusema mawe yanaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Turner, aliyezaliwa mwaka 1775 na kufariki mwaka 1851, ni miongoni mwa wasanii wakuu wa mkondo uitwao ulimbwende, uliotukuza maumbile na hisia za binadamu mbele ya maumbile hayo.

Mgeni afikaye Edinburgh mwezi Juni hataikuta picha hiyo ukutani. Imehifadhiwa gizani, na kwa desturi hutolewa mwezi Januari tu. Sharti hilo liliwekwa na Henry Vaughan, mkusanyaji wa sanaa wa London aliyefariki mwaka 1899. Kwa wasia wake picha 38 za Turner zilikwenda Edinburgh na nyingine 31 zilikwenda Dublin, Ireland, ili umma uzitazame bila malipo katika mwezi huo, ambao jua la kaskazini huwa hafifu.

Wapo wasioridhika na utaratibu huu. Huuliza: mali ya umma ina faida gani ikiwa umma hauioni kwa miezi kumi na mmoja? Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kutaja heshima ya marehemu peke yake. Hapana budi lijibiwe kwa sayansi.

Rangi ya maji hutengenezwa kwa kusaga chembe za rangi na kuzichanganya na gundi itokayo kwenye mti wa jamii ya mgunga, ambayo kwa wingi huvunwa Sudan. Msanii huitandaza juu ya karatasi kwa utando mwembamba mno. Mwanga hupenya utando huo, hugonga weupe wa karatasi, kisha hurudi tena kupitia rangi ile ile hadi jichoni. Ndiyo sababu picha hizi hung'aa kana kwamba zina taa ndani yake. Lakini wembamba huo huo ndio udhaifu wake, kwa maana chembe za rangi hazina kinga ya mafuta wala vanishi. Nishati ya mwanga huvunja molekuli za rangi, na oksijeni pamoja na unyevu wa hewa huendeleza uharibifu.

Rangi zote hazidhuriki kwa kiasi kimoja. Zile zitokanazo na udongo mwekundu au wa manjano hudumu sana. Nili, itokanayo na mmea, na rangi nyekundu itokanayo na wadudu, hupauka upesi. Matokeo yake ni zaidi ya kufifia. Wachoraji wengi wa zama hizo walipata kijivu cha mawingu kwa kuchanganya nili na nyekundu ya udongo. Nili ikiisha, nyekundu hubaki peke yake, na wingu la mvua hugeuka kuwa wingu la machweo. Mtazamaji wa leo aweza kusifu machweo ambayo msanii hakuyachora. Hapo picha imeanza kusema uongo, wala hakuna dawa iwezayo kuirudishia rangi iliyoangamia.

Jambo hili lilizusha ubishi mkali Uingereza mwaka 1886, wengine wakidai kwamba picha za rangi za maji zilikuwa zikiharibiwa na mwanga wa majumba ya maonyesho, wengine wakikanusha. Wanasayansi wawili, Walter James Russell na William de Wiveleslie Abney, walitakiwa kuchunguza. Ripoti yao ya mwaka 1888 ilithibitisha kwamba mwanga hupausha rangi nyingi, na kwamba ndani ya mirija iliyotolewa hewa rangi nyingi kati ya hizo zilisalimika. Tangu hapo suala hili halikuwa tena la ladha bali la vipimo.

Vipimo vyenyewe si vigumu kufahamu. Madhara hutegemea ukali wa mwanga ukizidishwa kwa muda. Makumbusho mengi huweka luksi 50 kuwa kikomo kwa picha za aina hii, ilhali jua la mchana laweza kufikia luksi 100,000. Kwa hiyo dakika moja juani ni sawa na saa 33 za maonyesho. Ama kuhusu wasia wa Vaughan, Januari 120 ni siku 3,720, yaani miaka kumi na kidogo ya maonyesho ya kila siku. Kwa maneno mengine, vizazi vinne au vitano vimetazama picha hizo kwa gharama ambayo kizazi kimoja kingeitumia katika miaka kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mwanga kikijaa hakimwagiki.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo yaonyesha kwamba Januari yenyewe si kanuni ya maumbile. Vaughan hakuwa na taa za umeme zinazopimwa wala vichujio vya miali ya urujuanimno. Alitumia kalenda kwa kuwa ndicho kipimo alichokuwa nacho. Makumbusho ya leo yanaweza kufanya zaidi. Yafaa kila picha ya rangi za maji iwe na daftari lake la mwanga: imetazamwa siku ngapi, chini ya luksi ngapi, na imebakiwa na akiba gani. Yafaa pia vipande vya sufu ya buluu, ambavyo hupauka kwa kasi inayojulikana, viwekwe kando yake kama shahidi. Na zaidi ya yote, daftari hilo lisiwe siri ya wahifadhi. Libandikwe mlangoni, lisomwe na kila mgeni.

Mtu anyimwaye kitu bila maelezo huona ameonewa; aonyeshwaye hesabu huwa mshiriki katika kuweka akiba. Mnamo Januari 2025, miaka 250 tangu Turner azaliwe, Edinburgh na Dublin zilibadilishana picha za Vaughan kwa maonyesho ya mwezi huo, na wananchi wa miji yote miwili wakaona wasichokizoea. Waliyaona kwa sababu waliowatangulia walikubali kufungua sanduku kwa kiasi. Wenye haki juu ya mto ule wa Turner ni pamoja na wale ambao bado hawajazaliwa, nao hawana wa kuwasemea isipokuwa giza la ghala na uaminifu wa daftari.