Akeem wa 1988 angemkataa huyu wa 2021

Haya wadau, leo nagombana na watu. Coming 2 America ilistahili kupokelewa vile ilivyopokelewa. Nimechoka na jamaa wa hosteli wanaosema eti ni kichekesho tu, mnawaza nini. Wengine wanasingizia korona, kwamba ingeingia kwenye majumba ya sinema badala ya kutokea Amazon Machi 2021 ingetisha. Thubutu!

Ile ya 1988 hata sisi tuliozaliwa baadaye tunaijua. Mwana wa mfalme wa Zamunda anatafutiwa mchumba aliyefundwa kutii kila neno. Anamkataa, anaenda zake Queens, New York, anadeki mgahawani ili apendwe yeye, si ufalme. Utamu wote uko hapo: mtu wa ikulu kashika dekio na anafurahia kabisa!

Sasa njoo kwenye muendelezo. Akeem, yuleyule Eddie Murphy, ana mabinti watatu. Mkubwa, Meeka, kajiandaa maisha yake yote kutawala. Lakini sheria inataka mwanaume, basi baba mtu anapanda ndege kumfuata kijana ambaye hata hakujua kama anaye. Jamani, si huyuhuyu aliyegomea mila? Kaishi miaka 30 na mke aliyempata Queens na bado Zamunda mwanamke haruhusiwi kumiliki biashara! Mwishoni anabadilika, sawa, ila anafundishwa upya somo alilolifaulu tangu filamu ya kwanza. Mimi mwalimu mtarajiwa nakwambia, hapo mwandishi hana somo jipya.

Na huyo kijana alipatikanaje? Akeem alileweshwa, hajitambui, mwanamke akajichukulia. Tunaambiwa tucheke. Ingekuwa binti kafanyiwa hivyo nani angecheka? Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na wale jamaa wa "kichekesho tu" wakifika hapa wanabadilisha mada.

Kilichonifurahisha ni Mirembe, kinyozi wa ikulu, kachezwa na Nomzamo Mbatha wa Afrika Kusini. Jina lenyewe la Kiganda, maana yake amani. Yeye ana ndoto zake, ana maneno yake. Wangempa yeye na Meeka filamu nzima, lakini wapi, tunarudishwa kwenye vipande vya 1988 na wazee walewale wa kinyozi.

Anayebisha aje chumbani, ila awe ameangalia zote mbili. Aje jioni, mchana nina test ya saikolojia.